Mwongozo Kamili wa Kuunda Kivumishi Ambatani cha Kilatini na Kubadili Miisho Yake

Katika vitabu vya botania mnazi huandikwa Cocos nucifera, mtende Phoenix dactylifera, mlonge Moringa oleifera, na mwembe Mangifera indica. Majina ya mnazi, mtende na mwembe yalichapishwa na Carl Linnaeus mwaka 1753, na jina la mlonge likachapishwa na Lamarck mwaka 1785. Yote manne yana neno lililojengwa kwa kanuni ile ile: jina la kitu, kisha irabu i, kisha -fera, yaani «-enye kuzaa» au «-enye kubeba». Nucifera ni yenye kuzaa kokwa, dactylifera ni yenye kuzaa tende, oleifera ni yenye kutoa mafuta, na Mangifera, ingawa siku hizi ni jina la jenasi nzima, kwa umbo lake ni kivumishi kisemacho «yenye kuzaa maembe».

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa botania au zuolojia, mseminari anayeanza Kilatini, mwalimu wa biolojia anayeulizwa na wanafunzi kwa nini jina moja huishia na -a na jingine na -um, na kila mtu anayetaka kuunda au kusahihisha neno la namna hii bila kubahatisha. Msomaji anatakiwa awe ameshaona walau mara moja jedwali la nomino za Kilatini na awe na kamusi inayotaja jenetivi (umbo la umiliki) ya kila nomino. Jambo la kushika tangu sasa ni hili: sehemu ya kwanza ya kivumishi ambatani ikishaundwa haibadiliki tena, na sehemu ya pili ndiyo inayoamua kundi la miisho na namna neno zima litakavyopatana na nomino. Makosa mengi niyaonayo katika maandishi ya kisayansi hutokana na mwandishi kushughulika na sehemu ya kwanza wakati wa kubadili miisho, au kuipuuza sehemu hiyo hiyo wakati wa kuunda neno.

Hatua ya kwanza: tambua uhusiano wa sehemu mbili

Kabla ya kuandika herufi yoyote, jiulize sehemu ya pili ni kitenzi au ni nomino. Katika nucifer, sehemu ya pili inatokana na kitenzi ferre, «kubeba, kuleta, kuzaa», na sehemu ya kwanza ni yambwa ya kitenzi hicho. Katika bicornis, jina la pili la kifaru mweusi (Diceros bicornis), sehemu ya pili ni nomino cornu, «pembe», na neno zima lamaanisha «mwenye pembe mbili». Kiswahili nacho kina tofauti hii: aina ya pili twaieleza kwa «mwenye», na aina ya kwanza inafanana na maneno yetu kama kifunguamimba na kitindamimba, ambamo kitenzi na yambwa yake vimeungana kuwa neno moja. Tofauti iliyopo ni ya mpangilio. Sisi huanza na kitenzi, kifungua-, ndipo tukaweka mimba. Mrumi huanza na yambwa, nuci-, ndipo akaweka kitenzi. Mswahili anayeunda neno la Kilatini kwa haraka huweza kuugeuza mpangilio huo bila kujua, kwa hiyo ni vema kuuthibitisha mapema.

Vipo vilevile vivumishi ambavyo sehemu yake ya kwanza ni kielezi au kiambishi awali, kama beneficus, «mtenda mema», na inermis, «asiye na silaha». Hivi havihitaji irabu ya kuunganisha, maana bene na in- huingia kama vilivyo.

Hatua ya pili: pata shina la sehemu ya kwanza kutoka jenetivi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Kamusi ya Kilatini huorodhesha nomino kwa nominativi (umbo la kiima), lakini nominativi mara nyingi huficha shina. Neno nux, «kokwa», halionyeshi kwamba shina lake ni nuc-. Hilo huonekana katika jenetivi nucis pekee. Kwa hiyo fungua kamusi, soma umbo la pili linalotajwa baada ya nominativi, ondoa mwisho wa jenetivi, na kinachobaki ndicho shina lako.

Kwa nomino za deklinesheni (kundi la miisho) ya kwanza, jenetivi huishia na -ae: spina, spinae, «mwiba», hutoa spin-, na hapo hupatikana spinifer, «wenye miiba». Kwa deklinesheni ya pili jenetivi huishia na -i: oleum, olei, hutoa ole-, aurum, auri, «dhahabu», hutoa aur-, dactylus, dactyli, neno ambalo Warumi walilipokea kutoka Kigiriki kwa maana ya kidole na pia ya tende, hutoa dactyl-. Deklinesheni ya tatu ndiyo yenye hila nyingi, kwa kuwa huko nominativi na shina hutofautiana sana: flos, floris, «ua», hutoa flor- na hapo tunapata florifer; lux, lucis, «nuru», hutoa luc- na Lucifer; mors, mortis, «mauti», hutoa mort- na mortifer; salus, salutis, «afya, wokovu», hutoa salut- na salutifer. Katika deklinesheni ya nne, cornu hutoa corn-, na washairi wa Kirumi walipata corniger, «mwenye kubeba pembe».

Mtu akiacha jenetivi na kutumia nominativi, ataandika «nuxifera» au «flosifer», maneno ambayo Mrumi asingeyatambua. Nomino za kigeni nazo hufuata njia hiyo hiyo. Jina la embe lilifika Ulaya kupitia Wareno kwa umbo la manga, na Linnaeus, au mtangulizi wake yeyote aliyelilatinisha, alilihesabu kama nomino ya kawaida, akaondoa irabu ya mwisho na kubaki na mang-.

Zipo nomino chache za jinsia ya kati (isiyo ya kiume wala ya kike) zenye -us katika nominativi na -eris katika jenetivi ambazo hufupishwa zinapoingia katika mwambatano. Kutoka vulnus, vulneris, «jeraha», mtu angetarajia «vulnerificus», lakini umbo litumikalo kwa mshairi Ovidius na wenzake ni vulnificus. Vivyo hivyo munus, muneris hutoa munificus, «mkarimu», na foedus, foederis, «mkataba», hutoa foedifragus, «mvunja mkataba». Maneno ya kundi hili ni ya kale na yamekwisha kukaa katika kamusi. Yakubali yalivyo, usiyatumie kama kigezo cha kuundia mapya.

Hatua ya tatu: weka irabu i, na i peke yake

Baada ya shina huja i: nuc-i-fer, spin-i-fer, dactyl-i-fer, ole-i-fer. Irabu hii ina historia yake. Katika Kilatini cha zamani sana mkazo ulikuwa juu ya silabi ya kwanza ya neno, na irabu fupi za silabi za ndani zilififia. A na o zilizokuwa mwishoni mwa mashina zikawa i. Ndiyo sababu spina na aurum, ambazo mashina yake ya asili yaliishia kwa irabu tofauti, zote hukutana katika i ile ile.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuweka -ae- pale ambapo sehemu ya kwanza ni nomino ya deklinesheni ya kwanza. Mwandishi huona spinae katika kamusi na kuandika «spinaefera». Kanuni za kimataifa za majina ya mimea, katika kifungu cha 60 kinachohusu tahajia, zinalihesabu umbo la namna hiyo kuwa ni kosa la kusahihishwa: epitheti (jina la pili la spishi) iliyoandikwa opuntiaeflora hurekebishwa kuwa opuntiiflora, yenye i mbili, moja ya shina opunti- na moja ya kuunganisha. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba Kilatini kina maneno kama aquaeductus, «mfereji wa maji», ambamo aquae ni jenetivi halisi. Neno hilo lakini ni kirai kilichoandikwa pamoja, «upitishaji wa maji», wala si mwambatano wa shina. Kwa sababu hiyo hiyo usidanganyike na oleifera ukadhani olei- ni jenetivi ya oleum. Kufanana kwake na jenetivi ni kwa bahati tu, na i ile ni ya kuunganisha kama zile nyingine zote.

Ikiwa sehemu ya pili inaanza na irabu, i huachwa. Magnus na animus hutoa magnanimus, «mwenye moyo mkuu», na longus na aevum hutoa longaevus, «mwenye umri mrefu».

Maneno ya Kigiriki hufuata utaratibu wao na huunganishwa kwa o. Mgunga wenye gome la manjano uonekanao kando ya ziwa Naivasha huitwa Vachellia xanthophloea, kutoka xanthos, «manjano», na phloios, «gome». Ukiona o mahali pa kiungo, jua kwamba umeingia katika Kigiriki, na usichanganye: shina la Kilatini lipate i na mwenzake wa Kilatini, shina la Kigiriki lipate o na mwenzake wa Kigiriki.

Hatua ya nne: sehemu ya pili na kundi la miisho

Sasa tumefika kwenye sehemu inayotawala. Miisho ya kivumishi ambatani haitegemei nomino iliyo mwanzoni mwake hata kidogo. Nux ni ya deklinesheni ya tatu, spina ni ya kwanza, aurum ni ya pili, lakini nucifer, spinifer na aurifer zote hubadilika kwa namna moja, kwa sababu zote zina -fer.

Sehemu za pili zitokanazo na vitenzi karibu zote huingia katika kundi la deklinesheni ya kwanza na ya pili: -fer, -fera, -ferum, -ger, -gera, -gerum, kutoka gerere, «kubeba, kuvaa», -ficus, -fica, -ficum, kutoka facere, «kutenda», ambayo a yake imefifia kuwa i, -vorus, -vora, -vorum, kutoka vorare, «kula kwa pupa», kama katika carnivorus. Kumbuka kwamba jinsia ya kiume ya -fer na -ger haina -us. Katika vitabu vya zamani vya ndege, korongo marabu, yule ndege mkubwa mwenye mfuko unaoning'inia shingoni ambaye hukaa juu ya majengo na majalala ya Kampala na Nairobi, ameandikwa Leptoptilos crumeniferus. Orodha za sasa humwandika Leptoptilos crumenifer, na hilo ndilo umbo sahihi kwa sarufi, «mwenye kubeba mfuko», kutoka crumena. Kumbuka vilevile kwamba e ya -fer haidondoki. Pulcher, «mzuri», hupoteza e yake na kuwa pulchra katika jinsia ya kike, lakini crumenifer huwa crumenifera, kamwe haiwi «crumenifra».

Sehemu za pili zitokanazo na nomino hugawanyika. Zile za folium, «jani», na flos, «ua», huchukua -us, -a, -um: latifolius, «wenye majani mapana», grandiflorus, «wenye maua makubwa». Viungo vingi vya mwili huchukua -is, ambayo ni ya deklinesheni ya tatu: cornu hutoa bicornis, collum, «shingo», hutoa longicollis, rostrum, «mdomo wa ndege», hutoa longirostris. Zingatia kwamba collum na rostrum zenyewe ni za deklinesheni ya pili, lakini zikiingia katika kivumishi huhamia ya tatu. Kwa hiyo kundi la nomino ikiwa peke yake si mwongozo wa kutosha, na kamusi ndiyo mwamuzi. Warumi wenyewe waliyumba hapa. Inermis ilikuwa na mwenzake inermus, na unanimis mwenzake unanimus. Mshairi Pacuvius, katika karne ya 2 KK, aliwaita pomboo repandirostrum incurvicervicum pecus, «kundi lenye pua zilizopinda juu na shingo zilizopinda ndani», akitumia -rostrus mahali ambapo wanazuolojia wa baadaye walichagua -rostris. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1 BK, aliitaja mistari hiyo akieleza kwamba kuambatanisha maneno kunawafaa zaidi Wagiriki kuliko Warumi. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi kuhusu incurvicervicum, ambalo ni zito mno kwa ulimi, lakini hukumu yake isingeweza kuligusa neno fupi na jepesi kama frugifer, «wenye kuzaa matunda».

Kundi la tatu ni la vivumishi vyenye nominativi moja kwa jinsia zote tatu. Mtama, Sorghum bicolor, ni mfano bora. Linnaeus aliuita Holcus bicolor, na mtaalamu wa mimea Moench akauhamishia jenasi Sorghum mwaka 1794. Holcus ni ya kiume na Sorghum ni ya kati, lakini bicolor, «wenye rangi mbili», haikuguswa, kwa kuwa katika nominativi haina mwisho wa kubadilika. Jenetivi yake ni bicoloris. Wa kundi hili ni pia quadrupes, quadrupedis, «wa miguu minne». Multiplex, multiplicis, «wa namna nyingi». Na anceps, ancipitis, «wa pande mbili», ambamo caput, «kichwa», imebadilika kiasi cha kutotambulika. Maneno ya kundi hili jifunze pamoja na jenetivi yake, la sivyo hutaweza kuyatumia nje ya nominativi.

Hatua ya tano: badilisha miisho

Hili hapa jedwali zima la nucifer. Maneno ya uhusika, yaani kazi ya nomino katika sentensi (nominativi ya kiima, vokativi ya kuita, akusativi ya yambwa, jenetivi ya umiliki, dativi ya mpewa, ablativi ya «kwa», «katika» au «kutoka»), nimeyaandika kwa Kiswahili kama yanavyotamkwa katika madarasa ya Kilatini, na jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, nimeiita ya kati.

| Uhusika | Kiume | Kike | Kati |
|---|---|---|---|
| Nominativi, umoja | nucifer | nucifera | nuciferum |
| Vokativi, umoja | nucifer | nucifera | nuciferum |
| Akusativi, umoja | nuciferum | nuciferam | nuciferum |
| Jenetivi, umoja | nuciferi | nuciferae | nuciferi |
| Dativi, umoja | nucifero | nuciferae | nucifero |
| Ablativi, umoja | nucifero | nucifera | nucifero |
| Nominativi na vokativi, wingi | nuciferi | nuciferae | nucifera |
| Akusativi, wingi | nuciferos | nuciferas | nucifera |
| Jenetivi, wingi | nuciferorum | nuciferarum | nuciferorum |
| Dativi na ablativi, wingi | nuciferis | nuciferis | nuciferis |

Soma jedwali hilo kwa kushuka safu moja hadi mwisho kabla ya kwenda nyingine, na uone kwamba nuci- imesimama pale pale katika kila mstari. Kisha angalia umbo nucifera, ambalo lina kazi zaidi ya moja: ni nominativi ya kike katika umoja, ni ablativi ya kike katika umoja (hapo a ya mwisho ni ndefu katika matamshi, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi), na ni nominativi na akusativi ya kati katika wingi. Nomino iliyo karibu ndiyo itakayokuambia ipi ni ipi.

Bicornis huenda hivi. Katika umoja, kiume na kike ni sawa: nominativi bicornis, akusativi bicornem, jenetivi bicornis, dativi bicorni, ablativi bicorni. Ya kati ni bicorne katika nominativi na akusativi, na kwingine ni sawa na wenzake. Ablativi huishia na -i na si na -e, na hapa wanafunzi wengi hukosea kwa sababu nomino nyingi za deklinesheni ya tatu zina -e. Katika wingi, kiume na kike ni bicornes, kati ni bicornia, jenetivi ya zote ni bicornium yenye i kabla ya -um, na dativi na ablativi ni bicornibus.

Huenda mtu akauliza kwa nini ajifunze uhusika wote ilhali majina ya kisayansi yako katika nominativi. Jibu liko katika maelezo ya spishi. Kuanzia mwaka 1935 hadi mwisho wa mwaka 2011, mmea mpya usingeweza kuchapishwa kihalali bila maelezo au utambulisho wa Kilatini. Ni tangu tarehe 1 Januari 2012 ndipo Kiingereza kilipokubaliwa pia. Sehemu kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki ilielezwa katika kipindi hicho au kabla yake, na maelezo hayo yamejaa ablativi: ramis spiniferis, «kwa matawi yenye miiba», foliis latis, «kwa majani mapana». Mtu ajuaye nominativi pekee atakwama mstari wa kwanza.

Hatua ya sita: patanisha na nomino

Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu upatanisho ni hewa anayovuta kila siku: mti mrefu, miti mirefu, kitabu kirefu. Sisi twapatanisha mwanzoni mwa neno na kwa ngeli. Kilatini hupatanisha mwishoni, kwa jinsia, idadi na uhusika. Jambo la kuepuka ni kudhani kwamba lazima miisho ifanane kwa sauti, kama ilivyo mara nyingi kwetu. Arbor, «mti», ni nomino ya kike ya deklinesheni ya tatu. Mti uzaao kokwa ni arbor nucifera, wa mti huo ni arboris nuciferae, ya miti hiyo ni arborum nuciferarum, na katika miti hiyo ni in arboribus nuciferis. Nomino inafuata jedwali lake na kivumishi jedwali lake, nao hukutana katika jinsia, idadi na uhusika tu. Mto wenye dhahabu ni amnis aurifer, kwa kuwa amnis kwa kawaida ni ya kiume, lakini ukitumia flumen, ambayo ni ya kati, utasema flumen auriferum, na ablativi yake ni flumine aurifero.

Kwa majina ya mimea tatizo kubwa ni jinsia ya jenasi. Majina mengi ya miti yenye -us ni ya kike, kwa desturi ya Kilatini ya kale: Ficus, Prunus, Quercus, Pinus. Ndiyo maana twasema Prunus africana na si «africanus». Lakini majina yaliyoundwa kutoka Kigiriki kwa -carpus ni ya kiume. Mti wa podo uliojulikana kwanza kwa jina la Taxus latifolia, kwa kuwa Taxus ni ya kike, ulipohamishiwa Podocarpus ukawa Podocarpus latifolius. Lati- haikubadilika, foli- haikubadilika, mwisho tu ndio uliogeuka. Kwa kulinganisha jinsia tatu za -fer weka pamoja Astragalus gummifer (kiume), Cocos nucifera (kike) na Papaver somniferum (kati), ambalo ni jina la mpopi utoao afyuni, «wenye kuleta usingizi».

Mazoezi mawili kutoka mwanzo hadi mwisho

Tuunde kivumishi kisichokuwapo katika kamusi za kale: «kizaacho karafuu», kwa ajili ya Pemba. Karafuu kwa Kilatini ni caryophyllum, jenetivi caryophylli. Ondoa -i ya jenetivi, unapata caryophyll-. Ongeza i ya kuunganisha, kisha -fer: caryophyllifer, caryophyllifera, caryophylliferum. Ingawa caryophyllum ilitoka Kigiriki, Warumi walikwisha kuipokea kama nomino yao, kwa hiyo yastahili i kama dactylus ilivyostahili. Kisiwa ni insula, ya kike: insula caryophyllifera. Katika kisiwa hicho: in insula caryophyllifera, ambapo zote mbili ni ablativi. Mashamba ya visiwa vizaavyo karafuu: agri insularum caryophylliferarum. Kuelekea visiwa hivyo: ad insulas caryophylliferas, kwa sababu ad hudai akusativi.

La pili liwe la twiga, «mnyama mwenye shingo ndefu». Longus ni kivumishi cha deklinesheni ya kwanza na ya pili, shina lake long-. Ongeza i, kisha coll- kutoka collum, na mwisho wa kundi lake: longicollis kwa kiume na kike, longicolle kwa kati. Animal, «mnyama», ni ya kati, kwa hiyo animal longicolle. Wanyama wengi: animalia longicollia. Wa wanyama hao: animalium longicollium. Kutoka kwa mnyama huyo: ab animali longicolli, yenye -i mara mbili, kwani animal nayo ni miongoni mwa nomino zichukuazo -i katika ablativi. Mwanafunzi aliyeandika «longumcolle» alibadili mwisho wa sehemu ya kwanza ili ipatane na collum, na hapo ndipo kanuni ya kutobadilika kwa sehemu ya kwanza inapomrudisha njiani.

Mkazo wa sauti

Mwishowe litamke neno lako. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, na kwa hiyo wengi wetu husema nuciFEra. Kilatini hutazama uzito wa silabi hiyo: ikiwa ina irabu ndefu au inafungwa na konsonanti, mkazo hukaa hapo, ikiwa ni nyepesi, mkazo hurudi nyuma silabi moja. E ya -fer ni fupi, kwa hiyo husemwa nuCIfera, dactyLIfera, oleIfera. Lakini katika nuciferarum silabi -ra- ni ndefu, na mkazo husogea: nucifeRArum. Katika bicornis silabi ya kati imefungwa na r, nayo hutamkwa biCORnis, sawasawa na mazoea yetu. Msururu huo wa silabi fupi, -ifer-, uliwafaa sana washairi waliotunga kwa mizani ya heksamita (mstari wa mapigo sita), na ni sababu mojawapo ya maneno ya -fer na -ger kuwa mengi mno kwa Vergilius na Ovidius kuliko katika nathari ya wakati wao.